Nyumba Inauzwa, Manyamanyama

Jumamosi, 1 Machi 2025. Bunda

Mama anauza nyumba. Ameniambia leo mchana tukiwa uani tunachambua dagaa, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia chumvi imeisha.

"Matrida, hii nyumba naiuza. Wewe una mambo ya mtandao huko dukani kwako Musoma. Itangaze."

"Nyumba ipi, Mama?" nikauliza, kana kwamba tunazo mbili.

"Hii. Naenda kujenga Butiama, kwa mdogo wangu Gaudensia. Amenikatia kipande pembeni ya kwake."

Nikamuuliza nani atamwangalia kule. Akasema yeye si mgonjwa. Nikamuuliza Baba angesemaje. Akapepeta dagaa, akapuliza vumbi.

Nyumba hii Baba aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa mshahara wa ufundi wa kiwanda cha pamba. Mimi na kaka yangu Evance tumezaliwa humu. Baba tumemzika mwaka juzi, na naona Mama anataka kumzika mara ya pili. Daftari hili nimelichomoa kwenye mzigo wa dukani. Nisipoandika nitamjibu vibaya.

Jumapili, 2 Machi. Bunda

Nimepiga picha kumi na mbili. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nimezipiga vibaya kwa makusudi. Nimengoja wingu lifunike jua. Nimepiga ukuta wenye ukungu kwa karibu. Baraza, tenki la maji na mipapai ya nyuma, vitu ambavyo mtu yeyote angevipenda, nimeviacha.

Jioni Mama akataka nimsomee tangazo. Nikasoma: nyumba inauzwa, vyumba vitatu, sebule, umeme, maji, hati ipo.

"Umesahau. Chumba cha nyuma kinavujaga masika. Andika."

"Mama, hakuna mtu anayeandika hivyo."

"Mtu aje na watoto wake awalaze humo wanyeshewe? Andika."

Nikaandika, tena kwa furaha, maana ilinisaidia. Bei aliyotaja yeye ni milioni thelathini na tano. Mimi nimeandika hamsini na tano. Mama hana simu ya kuingia mtandaoni. Hatajua.

Jumatatu, 3 Machi. Musoma

Nimempigia Evance Dodoma nikidhani nitapata mwenzangu. "Mwache auze," akasema.

"Wewe nyumba ya Baba haikuumi?"

"Inaniuma. Ila siyo unavyofikiria wewe." Akasema ana kikao, akakata.

Kaka yangu amekuwa mtu wa vikao.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimepakwa majivu asubuhi. Mchana amepiga mteja wa kwanza, mwalimu wa Tarime anayehamia Bunda. Nimemwambia nyumba ina kesi. Haina kesi.

11 Machi

Mvua. Simu mbili, zote za madalali.

14 Machi

Mama kapiga. "Hakuna mtu bado?"

"Bado, Mama. Watu hawana hela."

Felisian, mume wangu, alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Hakuinua kichwa. "Unaiuza nyumba," akasema, "au unaificha?"

Nikamwambia asahihishe madaftari.

20 Machi

Meseji kumi na moja kwenye Wasapu, zote za nyumba. Sijafungua hata moja. Nimezizima mlio zisinisumbue dukani, maana wanafunzi wa chuo wamejaa wanaprinti ripoti.

22 Machi

Sikwenda Bunda. Nilimwambia Mama barabara mbaya. Barabara ni lami mpaka mlangoni.

25 Machi

Mama amenunua bati kumi na nne na kuziweka sebuleni. Kaniambia kwa simu kwamba usiku mvua ikipiga juu, zile za chini zinaitikia. Alikuwa anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia Mama akicheka kwenye simu.

Jumamosi, 29 Machi. Bunda

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilifika saa nne. Mvua ilianza saa sita, ile ya kuangusha matawi. Saa nane tukasikia honi getini. Mama akajifunika kanga kichwani akatoka kufungua. Nilimsikia akisema, "Karibuni, lakini mnamtafuta nani?" Nikaenda dirishani.

Kirikuu, kigari cha mizigo, ilikuwa imejaa mpaka juu: godoro, makochi mawili, masufuria, debe la mahindi, na cherehani iliyofungwa nailoni. Mwanamume kama wa miaka thelathini hivi alishuka mbele, na mwanamke akashuka nyuma yake ameikumbatia saa ya ukutani. Mwanamume alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa. Alikuwa anaitazama nyumba anatabasamu.

"Shikamoo mama. Mimi Baltazari, natoka Buhemba. Huyu mke wangu, Robi. Mwanao alisema tutakukuta, utatupa funguo."

"Mwanangu yupi?"

"Wa Mwanza. Aliyetuuzia."

Mama akawaingiza barazani, akawaletea taulo, akawaambia wakae. Kisha akamwomba Baltazari aeleze polepole. Akaeleza. Yeye ni mchimbaji mdogo. Mwezi wa kwanza duara la jirani yao, shimo la dhahabu, lilititia na watu wawili wakafukiwa, ndipo Robi akasema hawezi kulala tena mahali ambapo anasikiliza ardhi. Wakauza ng'ombe wao wawili, wakachanganya na akiba. Mtandaoni wakaona nyumba hii kwa milioni ishirini na nne, lipa tatu uhamie, zinazobaki utamaliza kwa mwaka mmoja. Wakatuma tatu. Jana mtu huyo aliwaambia funguo ziko kwa mama yake, anayeitunza nyumba. Tangu leo asubuhi simu yake haipatikani.

Akamwonyesha Mama simu. Mama hana miwani, akanipa mimi nitazame.

Zilikuwa picha zangu. Ukuta wangu wenye ukungu. Mtu alizichukua kwenye tangazo langu, akaondoa namba yangu, akaweka yake.

"Mmetapeliwa," nikasema. "Nyumba hii haina mtoto wa Mwanza."

Robi akaiweka ile saa ya ukutani sakafuni, taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Hakulia. Baltazari akasema, "Nilijua. Hapana, sikujua. Niliuliza." Akaanza kupekua simu kwa vidole vilivyolowa. "Kulikuwa na tangazo lingine, la hamsini na tano, picha hizihizi. La dada mmoja. Nikamwandikia, nikamuuliza huyu wa ishirini na nne ni mwenzako? Naomba unijibu kabla sijatuma pesa. Angalia, mama. Tarehe kumi na nane. Imefika kwake. Tiki mbili za kijivu, hakuifungua. Nikapiga mara tatu, hakupokea. Siku tatu nikamngoja. Nikamwambia Robi, mtu anayeuza nyumba anakataa simu? Huyu asiyejibu ndiye tapeli. Yule mwingine alikuwa anajibu hata nikimwandikia alfajiri."

Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikakaa kimya, na hilo nalo naliandika.

"Ngoja," akasema Baltazari. Hasira ilikuwa imempanda. "Ngoja nimpigie tena huyo dada. Labda ndiye mmoja wao."

Akabonyeza. Simu yangu ikaanza kuita mezani, sebuleni, kati ya birika na kikapu cha mikate.

Wote tuligeuka. Iliita mpaka ikakata yenyewe.

"Matrida," akasema Mama.

"Ni yangu."

"Kwa nini hukumjibu?"

Nikawaambia. Wote, siyo Mama peke yake. Picha, bei, mwalimu wa Tarime, meseji nilizozizima. Robi alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa. Nilipomaliza akasema neno moja tu: "Kumbe." Baltazari akainuka akatoka, akasimama mvuani kando ya kirikuu.

Mama ndiye aliyemfuata. Nilimsikia akimwambia dereva wa kirikuu ashushe mizigo. "Cherehani kwanza, isilowe. Chumba cha kati kikavu." Na kwa Baltazari: "Mtakaa humu bure mpaka nyumba iuzwe. Milioni tatu zako siwezi kukurudishia, mwanangu, ila hamtalala nje kwa ajili ya nyumba yangu."



Jumapili, 30 Machi. Bunda

Baada ya misa Mama aliniita uani. Nilitegemea kugombezwa. Ningefurahi kugombezwa. Akaniuliza, "Unakumbuka geti hili lilikuwa na funguo ngapi?"

"Moja. Ya Baba."

"Na nilipotaka kutoka?"

Nilitafuta kichwani picha ya Mama akiwa nje ya geti peke yake, sokoni, kisimani, jumuiyani. Nilimpata kanisani tu, na Baba pembeni.

"Akiondoka nanyi asubuhi kwenda shule anafungaga kwa nje," akasema. "Akirudi saa kumi anafungua. Ilikuwaga hivyo tangu ulipozaliwa mpaka Evance alipomaliza kidato cha nne, akaligombania, ndipo ikaisha. Ufunguo wangu mwenyewe nimeupata mwaka juzi, kwenye suruali aliyofia nayo."

"Mama, alikuwa anaogopa wezi. Alituambia ni wezi."

"Labda. Wezi gani wanakujaga saa nne asubuhi?"

Nikasema Baba hakuwahi kumpiga. Nilisema kama wakili wake.

"Hakunipiga. Hakunitukana. Alileta chakula, alisomesha. Ningemlalamikia nani? Ningesema nini, kwamba mume wangu anafunga geti?" Akanyoosha kanga mapajani. "Siku bibi yenu alipofariki, mtu alitumwa kutoka Butiama kwa baiskeli. Alifika saa tano. Akaniambia akiwa nje, mimi nikiwa ndani. Nilimlilia mama yangu nimeshika nondo. Majirani walikuja wakanililia ng'ambo ya pili. Tulifika Butiama giza limeingia. Dada zangu walishamwosha. Mimi sikumwosha mama yangu, Matrida."

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka tulirudi na Baba akiwa amenunua miwa, nikamwona Mama getini, nikafurahi kwamba leo ametusubiri karibu. Nilimkimbilia na muwa wangu mkononi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

"Ulikuwa unampenda. Nikuharibie baba yako nikupe nini badala yake?"

Baba yangu. Mikono yake ilinukia grisi na sabuni ya mche. Alinifundisha kusoma saa. Sijui nimweke wapi usiku wa leo.

31 Machi. Bunda

Sikufungua duka. Nimekwenda na Baltazari polisi, tukaandikisha. Askari alituonea huruma ila akatuambia ukweli: laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Njiani kurudi Baltazari hakunisemesha. Kwenye madimbwi alikuwa anaruka mbele, halafu anasimama kungoja nivuke.

2 Aprili. Musoma

Nimefungua meseji zote. Arobaini na tatu. Nimejibu kila moja na kuomba radhi. Mwalimu wa Tarime ameshapata nyumba kwingine. Tovuti nayo imeondoa lile tangazo la uongo baada ya kuwaandikia mara nne.

Nimempigia Evance pia. Nilimwambia tu, "Mama ameniambia la geti."

"Mimi nilikuwa nalirukaga," akasema. "Nikiwa darasa la sita. Nikitoroka shule saa nne nakuja naruka, nakaa naye, naruka tena narudi kabla ya kengele. Walinichapa sana kwa utoro. Baba ndiye aliyewaambia wanichape."

Na mimi siku zote nilimwona Evance mtoro.

Jumapili, 6 Aprili. Bunda

Jua limetoka kama limetumwa. Nimepiga picha upya, ishirini. Robi alifagia uwanja akapanga viti barazani bila kuombwa. Nilipomshukuru akasema, "Simfanyii dada. Namfanyia mama." Sawa.

Tangazo jipya limekamilika. Bei thelathini na tano. Chumba cha nyuma kinavuja. Tenki, baraza, mipapai. Nimeongeza: *Usitume pesa kabla hujafika, ukaonana na mwenye nyumba mwenyewe, Mama Nyangi.* Nilipomsomea, alinisimamisha hapo.

"Rudia."

"Mwenye nyumba mwenyewe, Mama Nyangi."

"Haya. Iweke."

9 Aprili

Simu saba. Nimepokea saba.

12 Aprili. Bunda

Watu wanne wamekuja kuona. Mmoja alitaka kubomoa. Mmoja aligonga kuta zote kama mganga anayetafuta hirizi, akasema atarudi. Wa tatu alipita tu kuepuka mvua, nadhani. Wa nne ni Dorkas, muuguzi, mama wa watoto watatu, amepanga vyumba viwili hapahapa Manyamanyama mwaka wa tisa huu. Alikaa kwanza kwenye chumba kinachovuja, akatazama juu muda mrefu.

"Kwa nini mnauza?" akauliza, akinitazama mimi.

Mama ndiye aliyejibu. "Nahamia kwangu."

"Na hapa?"

"Hapa palikuwa nyumbani."

Dorkas aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa kitu ambacho mimi kilinichukua miaka thelathini na sita.

Pasaka, 20 Aprili

Tumekula pamoja Bunda, Mama, Felisian, Baltazari, Robi na mimi. Samaki sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo wa udaga. Baltazari kapata kibarua cha kujenga mitaro. Robi ameshashona sare kumi za watoto wa jirani, anazianika kwenye nondo za geti. Leo ameniuliza nauzaje daftari kwa jumla. Ndiyo mara yake ya kwanza kuniuliza kitu.

26 Aprili

Dorkas atanunua. Kakopa kwenye chama chao cha akiba.

Ijumaa, 9 Mei. Bunda

Tumesaini kwa wakili. Mama aliandika jina lake lote polepole, herufi moja moja, wakili akatazama saa, Mama akaendelea kwa mwendo wake.

Alitugawia mimi na Evance kidogo. Changu nimempa Baltazari mlangoni kwa wakili. Haikufika milioni tatu. Alikunja noti akaweka mfukoni. Hakusema asante. Jioni Robi alinipigia kusema wamepata chumba na fremu ya duka karibu na soko, na kwamba nikija Bunda nipite.

Nilikuwa wa mwisho kutoka kwenye nyumba. Nilidhani nitalia chumbani kwa Baba. Nikaenda getini badala yake, nikasimama upande wa ndani, nikajifungia kwa komeo, nikashika nondo nikaangalia barabara. Watu wanapita. Bodaboda, mtu na ndoo, watoto. Unawaona wote, wanakuona. Nilihesabu mpaka mia mbili nikachoka. Mama alikuwa anahesabu mpaka saa kumi.

Nimefuta tangazo. Tovuti iliuliza sababu. Nikachagua: *imeuzwa.*

17 Mei. Musoma

Mvua zinaisha. Mama hajapiga wiki nzima. Felisian anasema ana shughuli zake.

Jumamosi, 31 Mei. Butiama

Nimekuja bila kumwambia. Mama mdogo Gaudensia alikuwa shambani, akaninyooshea mkono: "Ile yenye bati jipya."

Ni vyumba viwili tu, matofali bado hayajapigwa lipu. Hakuna uzio. Kuku wanaingia na kutoka kama kwao. Mlango wa mbao ulikuwa umerudishiwa, na mkono wangu ulikuwa umeshausukuma nusu, kama nilivyozoea kuingia kwa Mama maisha yangu yote. Nikauacha. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama. Matrida."

"Ngoja kwanza."

Nikangoja. Ndani nilimsikia akimimina maji, akisogeza kitu kizito, akiimba kidogo, akiacha, akiendelea. Alikuwa anamalizia kitu chake na hakuwa na haraka. Jua lilinichoma kisogo. Nilisimama na mfuko wangu wa sukari mkononi, mgeni wa mama yangu kwa mara ya kwanza, na sikutaka afanye upesi.

Kisha akasema, "Karibu."